Ukiwa ughaibuni, usiyeyushe friji ya watu

Mpenzi msomaji, ingia duka la dawa lolote pale Mlaleo, Kisauni, useme, "Hebu nipatie chupa ya spiriti." Mwenye duka hatakuuliza mara mbili. Atanyoosha mkono kwenye rafu, utalipa na kwenda zako. Ni vivyo hivyo ukiwa Likoni na kumtaka mwenye duka la rangi akupimie thina, au ukiwa Magongo kule Changamwe na kuomba mafuta ya taa. Majina haya tumekua nayo. Hata mtoto anayetumwa dukani huku akicheza njiani hayakosei.

Sasa mfikirie msichana aliyelelewa Mtopanga, ambaye amepanda ndege pale Changamwe na kuteremkia Jeddah kufanya kazi za nyumbani. Wiki yake ya pili anaambiwa asafishe friji. Ndani mna droo ya mboga, ya plastiki inayong'aa kama kioo, na juu yake kimegandamana kibandiko cha duka. Kwao angetia spiriti kidogo kwenye kitambaa, akapangusa mara moja, mambo yakaisha. Hapa hana spiriti wala hajui inaitwaje. Anachokiona mbele yake ni chupa ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, na kwa pua yake harufu haiko mbali sana na ile aijuayo. Anapaka. Kibandiko kinatoka kweli, lakini droo nayo imegeuka ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho, inanata, na alama za vidole vyake zimebaki pale daima.

Mtu atasema, ah, hiyo ni droo tu. Lakini kwa mgeni wa wiki mbili, katika nyumba ambayo bado inampima, droo ile ni mshahara wake na pengine ni jina lake. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Akitembea kila mtu anamwona, na akivunja kitu hakuna wa kumsingizia.

Mfikirie vilevile kijana wa Mtongwe aliyekwenda kusoma Uingereza. Amepanga chumba, ameweka amana, na siku ya kuhama mwenye nyumba anapita akikagua. Meza ya plastiki ina wino na gundi ya stika. Akiisafisha vyema anarudishiwa pesa zake. Akiiyeyusha, amana imekwenda.

Wawili hawa wanajua kazi. Wasichokijua ni jina la dawa katika nchi waliyomo, na aina ya plastiki iliyo mbele yao. Kwa kuwa siku hizi ni nyumba chache za Kisauni, Likoni na Changamwe zisizo na ndugu aliye Arabuni, Ulaya au Marekani, safu yetu Jumapili hii inalichambua jambo hili. Soma, kisha umsomee kwenye simu aliye mbali.

MAJINA YANADANGANYA

Tuanze na neno lenyewe, spiriti. Kwetu sisi ni alkoholi iliyotiwa sumu makusudi ili watu wasiinywe. Ukifika Uingereza ukaona chupa iliyoandikwa "white spirit", usidhani ni spiriti nyeupe. Hiyo si alkoholi hata kidogo. Ni mafuta yatokanayo na petroli ghafi, ndugu wa tapentaini, ambayo mafundi huoshea brashi za rangi. Spiriti yako kule huitwa "methylated spirit", nayo hutiwa rangi ya zambarau. Italia hutiwa rangi ya waridi. Ufaransa huitwa "alcool à brûler", yaani alkoholi ya kuwashia moto, na Ujerumani ni "Brennspiritus". Kwa hivyo atakayeitafuta kwa rangi ya chupa atapotea, na atakayeitafuta kwa jina la nyumbani atapotea zaidi.

Marekani, duka la dawa litakupa "rubbing alcohol", alkoholi ya kujisugulia mwilini, ambayo mara nyingi ni alkoholi ya aisopropili ya asilimia 70. Hii ni nzuri kwa kazi yetu. Lakini vuka mpaka uingie Kanada, na katika duka la vifaa vya ujenzi utakuta mkebe wa "methyl hydrate". Jina linafanana na la spiriti yetu, ila ndani ni methanoli. Hiyo ndiyo sumu iliyochanganywa katika pombe ikaua watu zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa za Kenya mnamo Mei 2014, na kuwapofusha wengine. Methanoli hupenya hata kwenye ngozi. Si kitu cha kushikia kitambaa kwa mkono mtupu, licha ya kukisafishia kikombe cha mtoto.

Mafuta ya taa nayo yana visa vyake. Shuleni tulifundishwa kwamba kwa Kiingereza ni "paraffin". Sema hivyo Marekani, na muuzaji atakuonyesha nta ya mishumaa, kwa sababu mafuta ya taa kule ni "kerosene". Ujerumani mkebe ulioandikwa "Petroleum" ndio wa mafuta ya taa, na petroli ya gari huitwa "Benzin". Waarabu nao huita petroli benzin. Wafaransa huiita "essence", neno ambalo mtu wa kwetu angedhani ni manukato. Hebu niambie, mpenzi msomaji, kati ya makosa hayo ni lipi usilolionea moto mbele yake?

Kwa walio Arabuni kuna afueni kidogo, maana neno alkoholi lenyewe limetoka kwa Kiarabu, al-kuhul. Nenda duka la dawa uulize kuhul tibbi, yaani alkoholi ya tiba. Neno tibbi ni jamaa wa tiba yetu, kwa hivyo halitakutoka kichwani. Ila usiifiche chupa hiyo chini ya godoro. Katika nchi kama Saudi Arabia kunywa pombe ni marufuku, na chupa yenye harufu ya alkoholi ikikutwa mkobani mwa mfanyakazi inaweza kuleta maswali. Mwambie mama mwenye nyumba unaitakia nini, iache katika chupa yake yenye maandishi, na iweke pamoja na sabuni za nyumba.

NAMBARI NDIYO KITAMBULISHO

Je, kama majina yanabadilika kila mpaka unaovuka, mtu ashike nini?

Ashike nambari. Mtu mmoja anaweza kuitwa Baba Fulani kule Bofu, Mwalimu pale Mikindani, na Mzee kwa wajukuu zake, lakini nambari ya kitambulisho chake ni ile ile. Kemikali nazo zina kitambulisho. Huitwa nambari ya CAS, na hutolewa na shirika la Chemical Abstracts Service lililoko mji wa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, ambalo lilianza kuzisajili kemikali kwa njia hiyo mwaka 1965. Nambari hii ni moja dunia nzima, iwe chupa imeandikwa Kiarabu, Kijerumani au Kituruki. Aghalabu huwa kwa maandishi madogo nyuma ya chupa, au katika karatasi ya usalama wa bidhaa, ambayo unaweza kuitafuta kwa simu.

Nakili hizi chache, uzibandike ndani ya kabati:

Alkoholi ya aisopropili ni 67-63-0.
Ethanoli, yaani alkoholi ya kawaida, ni 64-17-5.
Asetoni ni 67-64-1.
Methanoli ni 67-56-1.
Mafuta ya taa ni 8008-20-6.

Tazama nambari ya kwanza, ya tatu na ya nne zinavyofanana. Zote zinaanza na 67, kama mapacha waliovishwa nguo moja. Ya kwanza itakusafishia droo, ya tatu itaiyeyusha, na ya nne inaweza kukupofusha. Soma hadi tarakimu ya mwisho.

Kama nambari haipo, tazama alama. Umoja wa Mataifa ulipitisha mnamo 2003 utaratibu wa alama za hatari zinazofanana kila nchi: mraba uliosimama kwa pembe, mpaka wake mwekundu, na mchoro mweusi ndani. Mwali wa moto maana yake kinawaka upesi. Fuvu la kichwa maana yake ni sumu kali. Mchoro wa kifua cha mtu chenye nyota maana yake kinadhuru mwili ndani kwa ndani. Alama hizi hazihitaji kujua lugha ya mtu.

IJUE PLASTIKI YAKO

Twaita zote plastiki, kama vile mtu aita samaki bila kutofautisha changu na papa. Kumbe kila moja ina tabia yake. Geuza chombo chako utazame chini. Aghalabu utaona pembetatu ya mishale yenye nambari kutoka 1 hadi 7, mtindo ulioanzishwa Marekani mwaka 1988.

Nambari 2 ni plastiki ngumu ya mitungi ya mafuta ya kupikia na chupa za jiki. Nambari 5 ni ya vibakuli vya chakula vyenye vifuniko na beseni nyingi. Hizi mbili ni ngangari. Spiriti haizitishi, na hata asetoni haiziyeyushi. Nambari 4 ni ile laini ya karatasi za nailoni. Nayo haitishwi na spiriti.

Nambari 1 ni chupa za soda na maji. Yavumilia spiriti, lakini haipendi maji ya moto. Ukiimiminia maji yanayochemka itajikunja mbele ya macho yako.

Nambari 3 ni ya mabomba ya maji na vitambaa vya meza vya plastiki. Asetoni na thina huilainisha na kuivimbisha. Nambari 6 ndiyo ile droo ya friji inayong'aa, vikombe vyepesi, na ile nyeupe ya povu inayokingia televisheni kwenye katoni. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Asetoni, thina na petroli huila kama mchwa alavyo mbao. Nambari 7 ni mchanganyiko. Humo mna mitungi mikubwa ya maji ya ofisini, na plastiki nyingi za vifaa vya umeme ambazo mara nyingi hazina pembetatu kabisa: fremu ya televisheni, ganda la simu, kompyuta. Hizi zihesabu pamoja na nambari 6. Usizikaribie na asetoni.

Kuna moja zaidi ya kuogopa. Ni ile plastiki nene ya kioo, inayotumiwa kwa matangi ya samaki wa mapambo na baadhi ya fremu za picha. Hiyo hata spiriti yenyewe huipasua kwa nyufa nyembamba kama nywele, nazo haziondoki. Kwa hiyo tumia maji na sabuni tu.

UCHAFU NAO UNA UKOO

Kanuni ya viyeyushi ni moja, na mama zetu waliijua kabla ya kusikia neno kemia: kitu huyeyusha cha ukoo wake. Sukari na chumvi huyeyuka majini. Mafuta huyeyuka katika mafuta. Kwa hivyo kabla ya kutafuta chupa, jiulize uchafu huu ni wa ukoo gani.

Gundi ya kibandiko ni ya ukoo wa mafuta. Ndiyo maana maji peke yake hayaiwezi, na ndiyo maana dawa yake nzuri imo jikoni mwa karibu kila nyumba duniani. Paka mafuta ya nazi, au ya kupikia kama nazi hakuna, yaache dakika 10, kisha sugua kwa kidole au kipande cha kitambaa. Gundi itajikunja kama matope makavu. Malizia kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili mafuta yasibaki, hasa kwa plastiki ya nambari 6 ambayo haipendi kukaa na mafuta kwa muda mrefu. Laiti yule msichana wa Mtopanga angefika kwenye kabati la mafuta kabla ya kufika kwenye dawa ya kucha!

Madoa ya manjano ni kero ya kila apikaye kipwani. Bakuli la plastiki lililohifadhi biriani au mchuzi wa samaki hubaki na rangi ya dhahabu hata uoshe vipi. Sababu ni kwamba rangi ya manjano haiyeyuki majini bali katika mafuta na alkoholi, na huingia ndani ya plastiki pamoja na mafuta ya mchuzi. Pangusa kwa mafuta safi, osha kwa sabuni, kisha lianike bakuli juani. Mwanga wa jua huivunjavunja rangi ya manjano hadi ikapauka. Aliye Doha au Muscat jua analo la kumwaga. Aliye Toronto mwezi wa Januari aliweke dirishani na awe na subira.

Wino wa kalamu na wa kuandikia mabango ni wa ukoo wa alkoholi. Hapa ndipo spiriti, au alkoholi ya aisopropili, inapostahili. Tia kidogo kwenye pamba, gusa doa, geuza upande safi wa pamba, gusa tena. Ukisugua kwa mzunguko utaueneza wino meza nzima.

Rangi ya ukutani ya maji hutoka kwa maji na sabuni kabla haijakauka. Rangi ya mafuta hutoka kwa tapentaini, tena upesi, na kwa plastiki ngumu tu. Chingamu igandishe kwa barafu, itavunjika kama kashata.

Na ganda la plastiki lililokuwa jeupe sasa limegeuka rangi ya chai kwa miaka mingi ya kukaa juani, usilihangaishe kwa kiyeyushi chochote. Huo ni uzee wa plastiki yenyewe, na uzee hauoshwi.

Nionye pia kuhusu dawa za asili, kwa kuwa wengi wetu tunaamini kitokacho mtini hakidhuru. Mafuta yaliyo kwenye ganda la chungwa au ndimu ni kiyeyushi kikali. Huondoa gundi vizuri sana, na viwanda huyatumia kwa kazi hiyo. Lakini kamua ganda la chungwa juu ya ile plastiki nyeupe ya povu, na utaona ikitoboka. Asili ni kitu kimoja, usalama ni kingine.

Iwe ni dawa gani, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini au nyuma ya chombo. Gusisha tone moja, ngoja dakika 5, pangusa. Pakififia, pakinata, au rangi ya chombo ikihamia kwenye pamba, acha. Anza na maji na sabuni, kisha mafuta, kisha spiriti. Ukifika hapo doa bado lipo, ni afadhali doa kuliko shimo.

HEWA YA KISAUNI HAISAFIRI NAWE

Hapa, mpenzi msomaji, ndipo penye roho za watu, na naomba pasomwe mara mbili.

Sisi wa Pwani tunasafishia uani au mlangoni. Dirisha liko wazi, na upepo wa kusi au wa kaskazi unapita kutoka chumba hadi chumba. Mtu akimwaga spiriti, mvuke wake unachukuliwa kabla hajamaliza kufunga kifuniko. Tumezoea hivyo hata tunadhani spiriti yenyewe ni salama. Kumbe kilichotulinda miaka yote ni upepo.

Ughaibuni nyumba zimefungwa. Arabuni zimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, Ulaya na Kanada kwa ajili ya baridi. Kiasi kile kile cha thina ulichokitumia Shika Adabu bila hata kupiga chafya, ndani ya bafu lisilo na dirisha kitakuumiza kichwa, kitakutia kizunguzungu na kichefuchefu, na kikizidi kitakuangusha. Ukianza kuhisi kichwa chepesi, usimalize kazi. Toka nje kwanza. Kabla ya kuanza, fungua dirisha au utafute roshani, vaa glavu, na uwaondoe watoto.

Pili, moto. Watu wa Changamwe waliishi jirani na kiwanda cha kusafisha mafuta tangu 1963 hadi kilipoacha kusafisha mwaka 2013, na waliofanya kazi humo wanajua jinsi mafuta ghafi yanavyotenganishwa kwa joto. Mepesi hutangulia kuruka, kwanza petroli, baadaye mafuta ya taa, kisha dizeli. Wepesi huo ndio hatari yenyewe. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sufuri. Asetoni ni takriban 20 chini ya sufuri. Alkoholi ya aisopropili ni karibu nyuzi 12 juu ya sufuri. Mafuta ya taa hungoja hadi nyuzi 38 hivi au zaidi. Mombasa hatufiki baridi hiyo, kwa hivyo tatu za kwanza ziko tayari kuwaka saa yoyote uzifunguapo. Na wakati wa kiangazi Arabuni, joto la nje huvuka hata hizo nyuzi 38.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, ukatoka chumbani ukaenda kukutana na jiko la gesi jikoni. Tena kusugua plastiki kwa kitambaa kikavu huzalisha umeme ule mdogo unaosimamisha nywele, na cheche yake yatosha. Tunakumbuka Sachangwan, Januari 2009, ambako watu zaidi ya 100 waliteketea kwa petroli ya lori lililopinduka. Basi petroli isitumiwe kusafishia chochote nyumbani, wala Kisauni wala kwa Waarabu. Chombo cha umeme kichomolewe kwanza, na kisirudishwe kwenye umeme hadi kikauke kabisa.

Tatu, usichanganye. Jiki, ambayo Arabuni utaiona kwa jina la Clorox, ikikutana na siki au maji ya ndimu hutoa gesi ya klorini. Ndiyo gesi iliyotumiwa kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ikikutana na dawa za kusafishia zenye amonia hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Ikikutana na spiriti au asetoni huzaa sumu pia. Mtu anayehangaika na doa sugu hushawishika kutia hiki juu ya kile. Ni heri kulisuuza doa kwa maji mengi kati ya dawa moja na nyingine, au kuliacha.

Yakitokea ya kutokea, jua nambari ya kupiga kabla hujaihitaji. Uingereza ni 999. Nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Marekani na Kanada ni 911, na Marekani kuna simu ya ushauri wa sumu, 1-800-222-1222. Saudi Arabia gari la wagonjwa ni 997. Falme za Kiarabu ni 998. Qatar ni 999 na Oman ni 9999. Aliyemeza petroli, mafuta ya taa au thina asitapishwe, kwa sababu yakirudi juu huingia mapafuni. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe, wasome ile nambari.

NA SISI TULIOBAKI

Msidhani somo hili ni la waliosafiri tu. Kuna kosa moja la nyumbani ambalo hakuna kiyeyushi kinacholiponya. Ni kununua mtungi wa plastiki uliokuwa na mafuta ya taa, thina au dawa ya wadudu, kuuosha kwa sabuni na mchanga, kisha kuutekea maji ya kunywa. Ile plastiki ya nambari 2 haiyeyuki, ni kweli, lakini hunyonya. Mafuta huingia ndani ya ukuta wake na kutoka pole pole siku baada ya siku. Harufu ikiisha puani bado imo mtungini. Mtungi wa namna hiyo haurudi jikoni kamwe.

Na kinyume chake, mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi. Huona chupa aijuayo, akainua.

Kwa mzazi anayemsindikiza bintiye hadi uwanja wa ndege, nina ombi. Pamoja na kanga, dua na nambari za simu za jamaa, mpe karatasi yenye zile nambari tano za kemikali. Mwambie akikwama apige picha maandishi ya nyuma ya chupa na kuituma nyumbani kabla ya kuifungua. Kakake anayesoma kemia sekondari ataweza kuzilinganisha kwa dakika mbili. Na mwambie kwamba kumuuliza mama mwenye nyumba, "Hii naisafisha kwa dawa gani?" si ujinga. Swali la mara moja ni rahisi kuliko droo ya kulipia miezi miwili.

Jumapili ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia kutu katika sufuria za nyumba zilizo karibu na bahari. Hadi hapo, fungueni madirisha.